Mchoraji, Msitu na Majina: Kazi za Jonathan Kingdon Zikitazamwa Kutoka Mafiga

Wanafunzi wa lugha hawana desturi ya kusoma vitabu vya elimu ya wanyama, na wanafunzi wa sanaa huviacha kwa kuwa vimejaa majina ya Kilatini na vipimo vya mafuvu. Kwa sababu hiyo kazi za Jonathan Kingdon, ambazo ni za elimu ya wanyama na za uchoraji kwa pamoja, hutajwa mara nyingi na wataalamu wa viumbe na mara chache mno na wahakiki wa Kiswahili. Hasara yake si ndogo. Katika vitabu hivyo mna maneno mengi ya Kiswahili na ya lugha jirani zake; tena mna jambo ambalo kamusi za Kiswahili zimelikosa kwa muda mrefu, nalo ni ustadi wa kumweleza mnyama hata msomaji asiyepata kumwona amtambue siku atakapokutana naye njiani.

Kingdon alizaliwa Tabora mwaka 1935, akakulia Tanganyika, akasomea uchoraji Uingereza, kwanza Oxford na kisha Royal College of Art ya London. Mwaka 1960 akaanza kufundisha katika shule ya sanaa ya Makerere. Yafaa kukumbuka kwamba alikwenda huko kuwafundisha watu kuchora, wala si kuwafundisha habari za wanyama. Kati ya 1971 na 1982 ikatoka kazi yake kubwa, East African Mammals, vitabu saba vizito, maneno yake na michoro yake vimetoka katika mkono mmoja. Baadaye akatoa Island Africa mwaka 1990, kitabu cha mkononi cha wanyama wa Afrika nzima mwaka 1997, na mwaka 2013 juzuu sita za Mammals of Africa alizozihariri na kuziandika pamoja na wataalamu wengi.

Mafiga, kata ya mji wa Morogoro iliyo chini ya Milima ya Uluguru, ni mahali pazuri pa kuvipimia vitabu hivi. Jina lenyewe ni la jikoni: mafiga ni yale mawe matatu yanayobeba chungu. (Wanasiasa wa Tanzania wamelichukua neno hilo kwa wito wao wa mafiga matatu, yaani rais, mbunge na diwani wa chama kimoja, lakini chungu kilikuwa juu ya moto kabla ya kura.) Mtu akitoka Mafiga asubuhi na kuelekea mlimani huanza katika mji ulio kama mita 500 juu ya bahari. Hupita mashamba ya migomba na mboga yaliyoshikamana na mteremko, hufika Morningside kwenye nyumba ya enzi ya Wajerumani, na mbele yake msitu hupanda mpaka Lupanga, kilele kinachopita mita 2,100. Kusini zaidi, ng'ambo ya pengo la Bunduki ambako mashamba yameukata msitu sehemu mbili, kiko Kimhandu kinachopita mita 2,600. Katika mwendo wa siku moja mtu huyo anaweza kupita makao ya tumbili, ya kima, ya mbega, na akiwa na bahati iliyo nadra sana, ya minde. Asipopanda mlima, akaelekea Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kilicho jirani, atakuta panya buku waliofundishwa kunusa mabomu ya ardhini na makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu. Magawa, panya aliyepewa nishani ya dhahabu mwaka 2020 kwa kazi yake huko Kambodia, alizaliwa na kufunzwa hapo. Basi msomaji wa Mafiga hasomi habari za nchi ya mbali. Mnyama yuko karibu, naye anaweza kuuliza kama kitabu chasema kweli.

Jambo la kwanza la kuhakiki ni namna mchoraji huyu anavyotembea. Kiswahili kina maneno mengi ya mwendo, na kila neno lina nia yake. Matembezi ni ya kujipumzisha au ya kwenda kuwaona jamaa. Safari ina mwisho unaojulikana, mzigo, na gharama. Lakini kumwendea mnyama kuna maneno ya peke yake, na yote ni ya msasi: kunyatia, kunyemelea, kuvizia, kuotea. Maneno haya yana subira ndani yake, na yana hila. Mtu anayevizia haendi popote. Amekaa, naye anafanya kazi. Michoro ya Kingdon ni matunda ya mwendo wa namna hii ya mwisho. Katika ukurasa mmoja kichwa cha mnyama mmoja huchorwa mara nyingi, kimegeuka, kimeinama, kimeinuka kusikiliza. Mstari mwingine umeachwa katikati kwa sababu mnyama amekwisha kuondoka. Mchoraji wa vitabu vya kawaida huchora mnyama aliyesimama ubavu kama ng'ombe mnadani, mguu wa mbele na wa nyuma vikionekana sawasawa, asiwe na jambo analolitaka. Kingdon huchora mnyama mwenye shughuli.

Tena humfungua. Michoro ya misuli, mafuvu na meno iko bega kwa bega na michoro ya mnyama aliye hai, na wasomaji wengine huiona kuwa ya kutisha au ya kuchosha. Hukumu hiyo si ya haki. Kwa Mswahili ajuaye machinjio hapana jambo geni hapa. Lugha ya mchinjaji ni mojawapo ya sehemu tajiri za Kiswahili, mwenye bandama, firigisi, kidari na sarara, kwa kuwa mkono uliopasua ndio uliohitaji jina. Hata kitenzi kuchora chenyewe, katika matumizi yake ya zamani, kilikuwa kazi ya ncha kali: kukwaruza, kukata nakshi katika ubao. Mtu aliyeona jinsi msuli wa shingo ulivyoshikamana na fuvu hachori tena shingo kama mrija. Ndiyo sababu minde wake, ambaye wachache sana wamemwona mwituni, ana uzito; macho ya msomaji huhisi nguvu za mabega yake kabla hajasoma idadi ya kilo.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ule wa nyuso za kima na ndugu zake. Katika maandishi yake ya mwaka 1980 Kingdon alieleza kwamba rangi na mabaka ya nyuso za nyani hawa wa msituni ni ishara wanazopeana wao kwa wao, na kwamba katika misitu ambamo jamii nyingi huishi pamoja nyuso tofauti huwasaidia wasichanganyikane katika kuzaana. Hoja hiyo haikutoka katika maabara. Ilitoka katika kuchora tena na tena, mpaka mkono ukatambua kwamba shavu jeupe la huyu na paji la uso la yule havikuwekwa bure. Mwaka 2014 watafiti watatu, Allen, Stevens na Higham, walizipima nyuso za jamii hizo kwa kompyuta iliyofundishwa kutambua sura, wakaona kwamba nyuso hutofautiana zaidi pale ambapo jamii zinakutana. Miaka 34 ilipita kati ya jicho na mashine. Haifai kusema kwamba mashine imempa mchoraji cheti, maana hoja ya kisayansi haimalizwi kwa jaribio moja; lakini yatosha kusema kwamba kuchora kulikuwa njia ya kuuliza swali, tena swali lenye jibu.

Msomaji wa Mafiga anaweza kulijaribu jambo hili bila kompyuta. Tumbili wa mabondeni ana uso mweusi uliozungukwa na nywele nyeupe. Kima wa msituni ana uso wa namna nyingine kabisa. Kiswahili kimewapa majina mbalimbali, kama kilivyompa mbega jina lake, na nyani lake, na ngedere, ingawa matumizi ya ngedere na tumbili hubadilika toka mahali hadi mahali. Walakini katika mazungumzo ya mjini majina yote haya yanazidi kumezwa na moja. Mtoto aonaye mnyama mwenye mkia juu ya mti husema nyani, basi. Si kosa la mtoto. Hakuna aliyemwonyesha uso.

Katika kazi zote za Kingdon hapana neno linalostahili kuzungumzwa na wanaisimu kuliko jina la mnyama mdogo ambaye Waswahili humwita sange, na wengine, hasa aliye mkubwa, njule. Ni mnyama mwenye pua ndefu inayochezacheza, macho makubwa, na miguu myembamba ya nyuma mirefu kuliko ya mbele, kama paa aliyepunguzwa mpaka akawa wa kiganjani. Hula wadudu, hukimbia kwa kasi juu ya majani makavu, naye hutembea mchana. Wazungu walipomwona walimlinganisha na kitu walichokijua kwao. Wakamwita kwa Kiingereza jina lenye maana ya kirukanjia mwenye pua ya tembo. Jina hilo likakaa katika vitabu vyote, hata katika kitabu cha Kingdon cha wadudusi na popo cha mwaka 1974.

Lakini kirukanjia ni mnyama mwingine. Kiswahili hakikuwachanganya hata siku moja. Kirukanjia ni yule mdogo mwenye harufu, apitaye usiku kando ya kuta, ambaye watu husema akivuka njia hufa. Jina lake limetokana na njia hiyo, nalo kwa dhihaka limepewa pia wanawake wa kutembeatembea. Sange hana uhusiano na habari hizo. Ana jina lake, ana mwendo wake, ana wakati wake wa kutoka. Mtu yeyote aliyewaona wote wawili katika mashamba ya Uluguru hawezi kuwaita ndugu.

Mwaka 1997, katika kitabu chake cha mkononi, Kingdon aliliacha jina la Kiingereza, akapendekeza mahali pake neno la Kibantu, sengi. Sababu yake ilikuwa ya kielimu: mnyama huyu si jamaa ya kirukanjia, na jina linalosema hivyo linapotosha. Utafiti wa chembe za urithi uliochapwa mwaka uliofuata ulimweka sange katika ukoo mmoja na tembo, pimbi, nguva na muhanga, ukoo uliotokea Afrika. Kwa hiyo katika lile jina la Kiingereza sehemu iliyowekwa kwa uzito ndiyo iliyokosea, na neno tembo, lililotiwa kwa sababu ya pua tu, ndilo lililosadifu. Ni nadra historia ya msamiati kuwa na mzaha mzuri kama huu.

Wataalamu walilipokea neno. Mwaka 2008 alipoelezwa kwa mara ya kwanza sange mkubwa wa Udzungwa, Rhynchocyon udzungwensis, ambaye uso wake wa kijivu ulikuwa umenaswa na kamera iliyotegwa msituni miaka michache kabla, yeye pia aliitwa sengi. Juzuu ya kwanza ya Mammals of Africa ya 2013 imelitia neno hilo katika kichwa cha sura. Basi neno la Kibantu limeingia katika lugha ya kimataifa ya sayansi. Halikuingia kwa sababu ya siasa wala kwa kuhurumiwa. Liliingia kwa sababu lilikuwa sahihi, na neno lililokuwako lilikuwa na kosa. Hoja hii ina nguvu kuliko hotuba nyingi zilizotolewa juu ya uwezo wa lugha za Kiafrika katika elimu.

Hata hivyo mwanaisimu ana malalamiko. Kwa nini sengi, wala si sange? Umbo la pili ndilo la Kiswahili, na Kiswahili ndiyo lugha ambayo msomaji wa Tabora, Makerere na Morogoro angeweza kulitafutia neno hilo. Irabu mbili zimebadilika njiani. Yamkini umbo la sengi lina kwao katika lugha nyingine ya bara. Lakini neno lililosafiri mbali hivyo lilistahili kupewa hati ya safari, yaani lugha, mahali, na sentensi moja ya mtu anayelitumia. Hili ndilo kasoro ya jumla ya majina katika vitabu hivi. Kingdon anastahili sifa kubwa kwa kuwa katika East African Mammals aliyatanguliza majina ya wenyeji, kwa Kiswahili, Kiganda na lugha nyingine nyingi, wakati ambapo waandishi wengi waliridhika na Kilatini na Kiingereza. Lakini majina hayo yamesimama katika orodha, kila moja peke yake, kama mafuvu juu ya rafu. Mnyama amechorwa akiwa katika mwendo. Jina lake limekaushwa. Mchoraji aliyekataa kumchora mnyama aliyesimama ubavu angaliweza kulikataa pia jina lisilo na sentensi.

Mahali ambapo ujuzi wa wenyeji na jicho la mchoraji vimekutana vizuri zaidi ni katika habari ya yule panya mwenye manyoya marefu wa nyanda za juu, Lophiomys, ambaye mbwa wakimuuma huugua au hufa. Watu waliishi na habari hiyo tangu zamani. Mwaka 2011 Kingdon na wenzake walieleza sababu: panya huyu hutafuna gamba la msungu, kisha hupaka mate yenye sumu katika manyoya maalumu ya ubavuni, ambayo yana vitundu vya kuinyonya na kuihifadhi. Msungu ndio mti ambao wawindaji wa Afrika ya Mashariki walipikia sumu ya mishale. Sumu yenyewe katika elimu ya dawa huitwa wabaini, neno ambalo asili yake ni la Kisomali la sumu ya mshale. Basi panya, mwindaji na mfamasia wametumia mti mmoja, na kati yao jina la Kisomali limepita mpaka hospitalini. Katika habari hii uchoraji na kuona kwa hadubini vimesaidiana. Unyoya mmoja uliochorwa kwa ukubwa umeeleza jambo ambalo kurasa kadhaa zisingelieleza.

Si kila mahali mkono huu unaaminika. Katika Lowly Origin, kitabu cha 2003 juu ya asili ya binadamu kusimama wima, Kingdon anashika hoja kwamba mababu wa mbali walianza kuchuchumaa wakitafuta chakula chini ya misitu ya pwani ya Afrika ya Mashariki, katika ukanda ulio kati ya milima ya namna ya Uluguru na Bahari ya Hindi, na kwamba kuchuchumaa huko ndiko kulikoandaa kiuno kwa kusimama. Hoja ni ya kuvutia, tena kwa msomaji wa Morogoro ina ladha ya nyumbani. Shida ni kwamba mifupa ya kuithibitisha haijapatikana katika misitu hiyo. Ardhi yenye unyevu haitunzi mifupa. Mwandishi anazijua shida hizi, naye anajenga hoja yake juu ya ramani, mito na maumbile ya miili. Lakini kalamu ya kuchora haina alama ya kuuliza. Mstari wa kiumbe aliyebuniwa una uthabiti uleule wa mstari wa kima aliyetazamwa saa tatu, na jicho la msomaji, lililokwisha kufundishwa na vitabu vya awali kuuamini mkono huu, huamini tena bila kuombwa. Lugha ya maneno ina labda, ina yamkini, ina huenda. Ina hali ya -nge- na -ngali-. Mchoro hauna hali hizo. Mchoraji mwenye elimu nyingi hana budi kuibuni alama ya namna hiyo, kwa mstari uliofifia au kwa nafasi iliyoachwa wazi, na hapa Kingdon hakufanya juhudi ya kutosha.

Island Africa kina nidhamu zaidi. Wazo lake ni kwamba bara hili lina visiwa ndani yake: milima, misitu na nyika zilizotengwa, kila kimoja na viumbe vyake. Neno kisiwa kwa mlima huenda likamshangaza Mswahili wa pwani, kwake ambaye kisiwa hakina budi kuwa na maji pande zote. Lakini atazamaye Uluguru kutoka Mafiga asubuhi ya masika, wakati ukungu umejaa bondeni na msitu umetokeza juu, hatahitaji maelezo. Milima ya Tao la Mashariki, kuanzia Taita mpaka Udzungwa, imepata mvua ya Bahari ya Hindi kwa mamilioni ya miaka, na misitu yake imedumu wakati nchi iliyo kati yake ilipokauka. Ndiyo maana yuko ndege, Malaconotus alius, anayeishi Uluguru tu, asionekane kwingine duniani.

Kwa ndege wa mlima huu majina yanasimulia habari nyingine. Arthur Loveridge alikusanya viumbe Uluguru mwaka 1926, na chozi wa milima hiyo alikuwa amekwisha kupewa jina lake tangu 1922. Mwaka 1938 Reginald Moreau wa Amani alimpa ndege mwingine wa Uluguru jina la mkewe, Winifred. Salimu Asmani, mkusanyaji na mtayarishaji wa ngozi za ndege ambaye Moreau alimtegemea, hajulikani ila kwa wachache wasomao maandishi ya zamani. Na majina ya Kiluguru ya ndege hao yamebaki vinywani mwa watu. Jina la kisayansi lina kanuni zake na halina budi kuheshimiwa. Lakini mtu anayeongoza wageni leo katika Hifadhi ya Uluguru, iliyotangazwa mwaka 2008, akimwonyesha ndege, hutaja jina la Kiingereza lenye mtu wa Ulaya ndani yake, halafu hukosa la Kiswahili, na la nyanya yake Mluguru huona haya kulitaja.

Tena mlima huu una kumbukumbu yake juu ya watazamaji. Mwaka 1955 watu wa Uluguru waliukataa mpango wa serikali ya kikoloni wa kuwalazimisha kulima kwa matuta, na ghasia zikatokea. Mabishano hayo ya ardhi na utawala yalielezwa na Young na Fosbrooke katika kitabu chao cha 1960. Aliyepita na daftari juu ya mteremko hakuwa, machoni pa wenye shamba, mpenzi wa viumbe tu. Kingdon hana hatia katika jambo hilo. Lakini vitabu vyake vyatazama msitu kuliko shamba, na mkulima akitokea huwa ni tishio pembeni mwa picha, wakati mkulima huyohuyo ndiye mwenye maneno ambayo orodha zake zimeyahitaji.

Kumlinganisha na Edward Saidi Tingatinga kutaonekana kwa wengine kuwa ni kukosa adabu ya vipimo, nao hawatakuwa wamefikiri. Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru mwaka 1932, alianza kuchora wanyama Dar es Salaam mwaka 1968 juu ya vipande vya mbao za dari kwa rangi za baisikeli, akafa kwa risasi ya polisi mwaka 1972, akiacha wanafunzi na namna ya uchoraji yenye jina lake. Mnyama wake hujaza ubao mzima. Nyuma yake pana rangi moja tu, hapana msitu wala nyasi za kumficha, na jicho lake humtazama mnunuzi. Kingdon amemvizia mnyama asijue kwamba anatazamwa. Tingatinga amemwita naye amekuja. Mmoja anachora alivyo, mwingine anachora jinsi jina lake linavyosikika. Ukimtaja chui mbele ya mtoto asiyepata kumwona, kitakachomjia akilini ni karibu na ubao wa Tingatinga: madoa, macho, meno. Ndio mwanzo wa maana ya neno. Lakini ni mwanzo tu, na kamusi nyingi za Kiswahili hazikuvuka hapo.

Hata hapo nyingine hazikufika. Afunguaye kamusi kutafuta mti, samaki au ndege hukutana mara nyingi na maelezo yaleyale: aina ya mti, aina ya samaki, aina ya ndege. Mnyama mdogo hufananishwa na panya, na shughuli imekwisha. Maelezo hayo hayana uongo wala hayana faida. Nathari ya Kiswahili haikukosa jicho. Mtoro bin Mwinyi Bakari, katika habari za safari yake ya Udoe na Uzigua zilizochapwa na Velten mwaka 1901, alitazama kwa makini nchi zilizo jirani ya Morogoro, akaeleza desturi za watu wake kwa utulivu ambao wengi wa leo wameupoteza. Lakini alitazama watu. Mnyama katika nathari ya zamani huja akiwa nyama, hatari, au mhusika wa hadithi mwenye maneno kinywani. Mnyama anayekula, anayejikuna, anayesikiliza, asiye na funzo la kumpa mtu, hakupata mwandishi wake. Kwa bahati amepata mchoraji, naye mchoraji ameandika kwa Kiingereza, katika vitabu ambavyo bei yake haimfikii mwalimu wa Mafiga.

Kwa hiyo kazi iliyo mbele ya watunga kamusi si kutafsiri vitabu saba. Ni kujifunza kutoka kwao jinsi ingizo moja linavyoweza kuandikwa. Chukua sange. Ingizo lake lingesema kwamba ana pua ndefu inayogeuka kila upande, kwamba miguu ya nyuma humpita ya mbele, kwamba hutoka mchana na kirukanjia hutoka usiku, kwamba ni wa ukoo wa tembo na pimbi wala si wa panya, kwamba mkubwa wake huitwa njule. Lingetoa sentensi moja kutoka pwani na moja kutoka mlimani, pamoja na umbo la Kiluguru na jina la kijiji liliposikiwa. Pembeni ungewekwa mchoro, si wa mnyama aliyesimama ubavu, bali wa mnyama aliyeinua mguu mmoja akisikiliza, au akirundika majani makavu chini ya msitu kuwa kiota, ambacho apitaye bila kutazama hukidhania kuwa takataka zilizokokotwa na maji ya mvua.